Kiatu Kilichobaki Nje ya Picha

Ndugu mwenyekiti, wapiga picha wenzangu, na ninyi mliokuja kwa sababu mna simu mfukoni na safari mbele yenu, nawasalimu. Nimewekewa kiti hapa lakini nitasimama. Nikikaa nasema sana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumpanga mtu ndani ya fremu, na namna ya kuikata picha yake baadaye, hasa mtu tuliyemkuta safarini. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka mingi imepita. Nilikuwa safarini, nikamkuta mzee mmoja, fundi viatu, ameketi chini ya ukuta na kazi yake mapajani. Nikamwamkia, tukazungumza kidogo, nikaomba kumpiga picha. Akaitikia kwa kichwa, mkono ukiendelea na sindano. Nikapiga kama kumi hivi. Usiku nikazifungua kwenye kompyuta, nikachagua moja, nikaanza kukropu, kama wenyewe tunavyosema, yaani kukata pembeni mwa picha. Nikaondoa ukuta. Nikaondoa kopo la misumari. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka ukabaki uso mtupu: mikunjo, ndevu nyeupe, jicho moja limeshika mwanga. Nikaigeuza nyeusi na nyeupe. Kila niliyemwonyesha aliguna kwa raha, nami nikavimba kichwa.

Miaka miwili baadaye nikapita tena pale, nimembebea nakala iliyochapwa vizuri na kutiwa kwenye fremu ya mbao. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaigeuza upande wa nyuma, kana kwamba kilichopungua kingekuwa huko. Halafu akaniuliza: "Na kiatu kiko wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Sikukumbuka hata kwamba palikuwa na kiatu. Nitarudi kwa mzee huyu kabla sijashuka hapa, ila kwanza niwaambie swali lake limenifundisha nini, maana tangu siku ile kila ninapokata picha ya mtu husikia sauti yake.

Sisi huwa tunasema "nimepunguza tu kidogo pembeni", kama fundi cherehani anayepunguza pindo. Lakini ukishikilia kamera mbele ya mtu umeshaanza kukata kabla hujabonyeza. Fremu ina kingo nne, na kila ukingo ni kisu. Mahali uliposimama, lenzi uliyochagua, kama umeishika kamera kwa kulala au kwa kusimama: vyote hivyo vimeamua nani yumo na nani hayumo. Kukropu kwenye simu usiku ni mkato wa pili. Na mkato wa pili una hatari yake, kwamba unafanyika wakati mwenye picha hayupo. Mchana, ungali naye, ukikosea anaweza kukuonyesha kiatu. Usiku uko peke yako na kidole chako.

Safarini tuna udhaifu wa aina mbili, na wote huishia kwenye kukropu. Wa kwanza ni woga. Tunamwona mtu anayetuvutia, tunaona haya kumsogelea, tunampiga kutoka ng'ambo ya barabara, kisha tunajiambia tutamvuta karibu baadaye. Hebu tufanye hesabu. Simu yako inatoa picha ya megapikseli 12, yaani vinukta milioni 12. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, hujabaki na sita. Umebaki na tatu. Ukibakiza theluthi ya upana na theluthi ya urefu, unabaki na megapikseli moja na kidogo. Kwenye kioo cha simu utaona ni sawa, lakini ichape kwa ukubwa wa daftari uone jinsi ngozi ya mtu inavyogeuka unga. Na kuvuta kwa vidole viwili kabla ya kupiga, mnakopenda sana, mara nyingi ni kukropu kule kule, isipokuwa umekufanya mapema na hutaweza kukirudisha kilichoondoka. Kama simu yako ina lenzi nyingine ya kuvuta, hiyo ni habari tofauti.

Lakini pikseli si shida kubwa. Shida kubwa ni umbali wenyewe, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ni jambo ambalo hata wenye kamera za bei mbaya hulielewa kichwa chini miguu juu. Wanasema lenzi pana, ile inayochukua eneo kubwa, inaharibu uso, na lenzi ndefu, ile inayovuta karibu, inaupendezesha. Uwiano wa pua na masikio hauamuliwi na lenzi. Unaamuliwa na umbali kati ya kamera na pua. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 28 kwa hesabu ya filamu ya milimita 35. Kwa hiyo ukitaka uso ujaze fremu, unalazimika kumsogelea mtu mpaka nusu mita au pungufu. Pale pua iko karibu sana na kamera kuliko masikio, ndiyo maana inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi nyuma hadi mita mbili, pua na masikio vinarudi kuelewana. Uso utakuwa mdogo ndani ya fremu, kweli. Basi ukate. Kukata hakubadilishi umbali uliosimama, kwa hiyo uso utabaki na sura ile ile njema ya mita mbili.

Mnaona ninakokwenda? Mimi si adui wa kukropu. Kukata kutoka mita mbili, baada ya salamu, ni ufundi. Kukata kutoka mita thelathini, na mwenyewe hana habari, kwangu mimi ni kumwibia mtu kimyakimya. Kama umempiga kutoka mbali, basi mwache huko mbali. Mwache awe mdogo, katikati ya daraja lake, kwenye kivuli chake, kati ya watu wake. Picha ya mtu mdogo katika mahali pakubwa ni picha nzuri sana, na haidai ukaribu ambao hukuwa nao.

Udhaifu wa pili ndio ulionipata mimi kwa yule mzee: uroho wa nyuso. Tunapenda uso wenye mikunjo ukijaza fremu kutoka kidevu hadi paji. Una nguvu, sikatai. Lakini jiulizeni: umesafiri siku tatu, umepanda mabasi na vivuko, halafu unarudi na nyuso ishirini ambazo zingeweza kupigwa popote, hata ndani ya lifti. Safari yenyewe imekatwa. Mtu huyo anafanya nini? Anakaa wapi? Nani yuko kando yake? Uso peke yake hausemi. Unachosema ni kwamba mtu huyu ni mzee, au ni mrembo, au ana huzuni, na mara nyingi huzuni hiyo tumeitia sisi kwa kuondoa rangi.

Dawa yangu ni ya kizamani. Nampiga mtu kuanzia katikati ya mapaja hadi juu kidogo ya kichwa, mikono ikiwemo, na kando yake naacha nafasi ya kuonyesha mahali. Mikono hasa. Nikilazimika kuchagua kati ya mikono na mandhari, nachukua mikono.

Sasa niwape mfano ambao haukutokea kwangu. Januari 2020, kule Davos, Uswisi, wasichana watano wanaharakati wa tabianchi walisimama pamoja wakapigwa picha. Mmoja wao alikuwa Vanessa Nakate wa Uganda, amesimama ukingoni, upande wa kushoto. Picha iliyosambazwa na shirika la habari la Associated Press ilikuwa na wanne. Nakate, Mwafrika pekee kati yao, alikuwa amekatwa. Aliuliza hadharani kwa nini ameondolewa, akasema kilichofutwa si picha tu bali bara zima. Shirika lilibadilisha picha na kueleza masikitiko yake. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba nyuma yake palikuwa na jengo lililoharibu mpangilio, na picha ilikatwa kwa ajili ya jengo hilo.

Mimi maelezo hayo nayaamini, na ndiyo maana yananitisha. Kama ingekuwa chuki, ningesema mimi sina chuki, niko salama. Lakini jengo? Nimeshakata majengo mangapi? Wangapi kati yenu mmeshawahi kumkata mtu kwa sababu nyuma yake palikuwa na nguzo ya umeme? Jicho lililofunzwa kupenda mistari safi linaweza kumfuta mtu bila kukusudia, na aliyefutwa hatajali ulikusudia nini. Tangu hapo nina sheria moja: ukingo wa fremu ukimkaribia mtu, ama aingie mzima, ama nisogee mimi. Na kama watu walisimama pamoja kwa hiari yao wakasema "tupige", kundi hilo halikatwi. Wao ndio walioipanga ile fremu.

Kwa hao wanaosimama ukingoni kuna jambo la kiufundi pia. Lenzi pana huvuta vitu vilivyo pembeni. Aliye mwisho wa mstari ananenepa, kichwa chake kinarefuka kama embe. Wape watu wa pembeni nafasi ya kutosha kati yao na ukingo, au rudi nyuma hatua tatu. Wengi hudhani wametoka vibaya kwa sababu ya nguo walizovaa siku ile.

Kuna mkato mwingine ambao hatuuzungumzii, nao ndio unaoniudhi kuliko yote. Ni ule wa kumwondolea mtu vitu vyake ili aonekane wa kale. Unajua ninachosema. Mwanamke amebeba kuni kichwani na simu mkononi. Msafiri anangoja simu iwekwe mfukoni, au anaikata baadaye. Mvuvi ana ndoo ya plastiki ya buluu, ndoo inakatwa. Kijana mchungaji ameegemea pikipiki yake, pikipiki inatoka, anabaki yeye na upeo wa macho. Tunaiita picha "asilia". Asilia ya nani? Yule mwanamke ni mtu wa leo kama wewe, simu ile ameinunua kwa jasho lake. Ukiikata umemrudisha nyuma miaka hamsini bila idhini yake, kisha unaonyesha watu jinsi alivyo nyuma. Na upande wa pili wapo wanaotafuta dhiki: wanakata ukuta uliopakwa rangi, wanabakiza bomba linalovuja. Mimi picha yenye ndoo ya buluu naipenda. Buluu ile mara nyingi ndiyo rangi bora kuliko zote zilizomo.

Turudi kwa walioitenda kazi hii kabla yetu. Machi 1936, huko Nipomo, California, mpiga picha Dorothea Lange alimkuta mama mmoja kwenye hema na watoto wake, katika kambi ya wavunaji waliokosa kazi. Alipiga picha kadhaa akizidi kumsogelea. Za kwanza zinaonyesha hema zima na vitu vilivyotapakaa. Ile iliyojulikana dunia nzima imembana mama, watoto wawili wamegeuza nyuso, mtoto mchanga mapajani, hema karibu limetoweka. Kwa ufundi, ni somo la namna ya kukata kwa miguu: Lange hakuvuta, alitembea. Alisema mwenyewe baadaye kwamba hakumuuliza mama huyo jina lake. Dunia ilikuja kulifahamu jina hilo, Florence Owens Thompson, mwaka 1978, zaidi ya miaka arobaini baadaye, naye hakuwa na furaha na picha ile, wala haikuwa imempa senti. Mnaweza kufika karibu kiasi kile, hatua kwa hatua, na bado jina likabaki nje ya fremu. Kuuliza jina huchukua sekunde tano.

Kuna kichekesho katika picha ile ile. Pembeni chini palikuwa na kidole gumba kimeshika nguzo ya hema. Kilimkera Lange mpaka akaagiza kifutwe kwenye negativu, ile filamu yenyewe ya picha, lakini mabaki yake yanaonekana bado ukichungulia vizuri. Basi mkihangaika na kidole kilichoingia pembeni, jueni mko na wenzenu wakubwa.

Wapo waliotangaza kwamba picha haikatwi kamwe. Mpiga picha Mfaransa, Henri Cartier-Bresson, alikuwa wa msimamo huo, alitaka fremu ichapwe nzima kama ilivyotoka kwenye kamera. Lakini picha yake ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare, Paris, imekatwa, kwa sababu alipiga kupitia upenyo wa uzio na ubao ukaingia pembeni. Na mpiga picha Arnold Newman, alipompiga picha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky mwaka 1946, alikata bila huruma mpaka mtunzi akabaki kwenye pembe ya chini na kifuniko cha piano kikatawala picha nzima. Ukiitazama negativu kamili utaona chumba tu na mtu kwenye piano. Newman alimpunguza mtu akabakiza kazi yake, nami nikamkata mzee wangu kinyume chake.

Naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo haya ya ufundi nitayapitisha haraka. Usimkate mtu kwenye kiungo: magoti, viwiko, vifundo vya mikono na miguu. Jicho la mtazamaji hudhani kiungo ndipo mwili ulipoishia. Kata katikati ya paja, katikati ya mkono wa juu, au chini ya kifua. Ukikata vidole vya miguu tu, kila mtu ataona umekosea. Ukikata katikati ya muundi, wataona umekusudia. Juu ya kichwa usiache uwanja wa mpira. Macho yake yakiwa karibu theluthi ya juu, utakuwa sawa mara nyingi. Mtu anayetazama kulia, mwachie nafasi kulia, isipokuwa unataka aonekane amebanwa.

Na fikirieni karatasi. Simu hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3. Kamera nyingi hupiga 3 kwa 2, urithi wa fremu ya filamu ya milimita 24 kwa 36. Ukichapa picha ya simu kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15 na kuijaza karatasi yote, sehemu moja kati ya tisa ya upande mfupi inapotea. Ukichapa picha ya kamera kwenye 20 kwa 25, unapoteza sehemu moja kati ya sita ya upande mrefu. Mashine haijui kichwa cha mtu kiko wapi. Ukibana sana wakati wa kupiga, mashine itakukatia pale ambapo hukutaka. Acheni pumzi kidogo pembeni. Na faili la kwanza, lile zima, msilifute kamwe hata kama mmeipenda mliyoikata. Hilo lingine lote mkilisahau si neno, hili nawaomba.

Nilikuwa nimelihifadhi la yule mzee. Aliponiuliza kiatu kiko wapi, nikatoa simu, nikatafuta kwa dakika nzima huku jasho linanitoka, nikaipata picha kamili. Akaisogeza karibu na macho. Kilikuwepo, mapajani pake, nilikuwa nimekikata bila kukiona: kiatu kimoja cha ngozi nyeusi, soli yake nene kama kipande cha tofali. Akanieleza kwamba kilikuwa cha mtu mwenye mguu mmoja mfupi, aliyezunguka kwa mafundi wengi wakamshindwa. Alikishona kwa siku nne. Siku niliyompiga picha ndiyo aliyokuwa anakimaliza, na mwenyewe alikuja jioni akakivaa, akaondoka bila mkongojo. Hicho ndicho alichodhani nilikuwa nakipiga.

Nikamwambia, mzee wangu, chukua simu, ikate wewe unavyotaka. Nikamwonyesha namna ya kusogeza kingo. Akavuta ule wa chini mpaka kopo la misumari likaingia. Akavuta wa kushoto mpaka mikono yote miwili ikaonekana na sindano yake. Kisha akashika ukingo wa juu, akaushusha. Ukapita paji la uso, ukapita macho yale yenye mwanga, ukasimama juu kidogo ya midomo. Nikasema, mzee, umejikata kichwa. Akacheka. "Uso wangu wote wanaujua," akasema. "Kiatu hicho hawajakiona."

Niliichapa vile vile. Ile ya mbao nilirudi nayo, ya pili iko kwake. Nakala nyingine nimeitundika mlangoni hapo, mtaiona mkitoka: ndevu nyeupe juu, mikono katikati, kopo la misumari chini, na kiatu.